Aliyeondoka Kabla ya Mgeni Rasmi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani yoyote, na ikitokea mkaiona mahali, kosa ni la mchora ramani. Inaitwa Tunashukuru. Ni nchi nzuri. Watoto wetu hufundishwa kushukuru kabla hawajaota meno, na mtu akigongwa na gari la serikali hushukuru kwamba lilikuwa jipya. Mimi ni mwalimu wa somo la uraia katika Sekondari ya Wasichana Mlowezi, kwa hiyo serikali naipenda kikazi.

Kuna jambo moja mlielewe mapema ili tusisumbuane huko mbele. Kwetu hakuna shughuli inayoanza kabla mgeni rasmi hajafika, na hakuna mtu anayeondoka kabla mgeni rasmi hajaifunga. Hiyo ndiyo Kanuni ya Kwanza, na zilizobaki zote ni maelezo yake tu. Harusi humsubiri. Mazishi humsubiri. Kule mpakani kuna zahanati iliyokamilika tangu nikiwa kijana, ina vitanda, ina mashuka, lakini wagonjwa wanalala nje, kwenye kivuli cha ukuta wake, kwa sababu aliyetakiwa kukata utepe bado yuko njiani. Utepe wa kwanza ulioza, ukafungwa mwingine. Hatulalamiki, tunashukuru kwamba yuko njiani.

Sasa mwaka huu Wizara ya Heshima na Shukrani iliamuru kila sekondari iwe na Ukumbi wa Mashujaa wa Michezo, ambamo picha na majina ya wanafunzi wa zamani walioiletea shule sifa yatawekwa ukutani. Wazo lilipokewa kwa makofi mengi, maana makofi yalikuwa kwenye ratiba. Kazi ikawa mahali pa kujenga. Sisi tuna mabweni yanayovuja, jiko lisilo na paa, na uwanja wa mbio. Wataalamu wa wizara walizunguka na mwavuli, wakapima, wakachagua uwanja wa mbio. Ukumbi ukasimamishwa kwenye kona ya pili, katikati kabisa ya njia, hivi kwamba msichana wa Mlowezi akikimbia leo atakwenda kujigonga kwenye ukuta wa kuwaheshimu waliokimbia zamani.

Niliuliza kwa adabu zote wanafunzi watafanyia wapi mazoezi. Nilijibiwa kwamba wakimbiaji tunao wa kutosha, tena waliokwisha kushinda, hivyo hakuna haja ya kuanza upya.

*

Wakimbiaji kweli tulikuwa nao. Habari hii ni ya kabla sijaajiriwa, lakini Mlowezi nzima inaijua, hata wasiopenda kuisikia.

Timu yetu ya mbio za kupokezana vijiti ilikuwa ya wasichana wanne waliofanya mazoezi pekupeku, na iliwatoa jasho wenye viatu kutoka mkoa mzima. Aliyekimbia wa tatu aliitwa Sikitu Mbwilo. Wa mwisho, aliyepokea kijiti kutoka mkononi mwa Sikitu, aliitwa Nyamizi Kasubi. Fainali ilifanyika hapahapa kwetu. Mgeni rasmi alikuwa mkuu wa wilaya wa wakati huo, Bwana Theobadi Lwambano, na alitarajiwa asubuhi.

Wasichana walipangwa mistari tangu jua linachomoza, kwa sababu mgeni rasmi hatakiwi kumkuta mtu amekaa. Maji ya tangi la shule yalikuwa yamemwagwa yote barabarani tangu jana yake ili vumbi lisimsumbue mheshimiwa. Maji mengine yalikuwepo, ya chupa, yamepangwa kwenye meza kuu na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na askari amesimama kando yake. Hayo yana utaratibu wake. Maji ya meza kuu hayafunguliwi kabla meza kuu haijakaa.

Mheshimiwa alifika alasiri. Alikuwa amecheleweshwa na chakula cha mchana. Wasichana wakatolewa kwenye mistari wakapelekwa moja kwa moja kwenye mbio, na Nyamizi alipokea kijiti akiwa wa tatu, akawapita wote, akavuka mstari, akaenda hatua chache, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi. Watu walidhani anashukuru.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, sitaki mseme serikali yetu haijali. Lilikuwa kwenye msafara wa mheshimiwa, limebeba viti vya ziada, na msafara mzima ulikuwa umeegeshwa langoni. Msafara hausogei bila mwenyewe. Mwenyewe alikuwa ameshashika kipaza sauti, anasoma hotuba yenye kichwa "Michezo ni Afya". Walimnong'oneza, akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akasema anamalizia. Alipomaliza kweli, Nyamizi alikuwa amekwisha kufa akiwa amefunikwa gauni la shule la rafiki yake.

Naandika haya kwa utulivu kwa sababu ndivyo mwalimu wa uraia anavyotakiwa kuandika. Lakini nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nimefundisha nayo darasani miaka yote hii huku nimeibana kwapani.

Iliundwa tume. Tume ilihoji, ilikula, ikatoa taarifa. Ilibainika kwamba mwanafunzi Nyamizi Kasubi aliondoka kwenye shughuli kabla ya medali kutolewa na kabla ya mgeni rasmi kufunga, bila ruhusa ya maandishi wala ya mdomo. Ushindi ukafutwa. Maofisa walikwenda msibani kwa mama yake ili awaombe radhi kwa niaba ya marehemu. Mama Nyamizi aliwapa chai, maana msibani hunyimi mtu chai. Wakanywa, wakarudi kuandika kwamba familia imeonyesha ushirikiano.

*

Barua ya wizara ilipomfikia Sikitu Mbwilo kwamba atakuwa mmoja wa mashujaa wa ukumbi, alikuwa kwenye cherehani yake sokoni anashona sare. Siku hizi ni mwanamke wa makamo, mzito kidogo, mwenye maneno machache. Alifunga kibanda akaenda kwa Mama Nyamizi, na asubuhi yake wakaja wote wawili shuleni.

Mwenye mamlaka ya ukumbi alikuwa Afisa Itifaki kutoka wizarani, Bwana Desideri Kinunda, ambaye alikuwa amepewa meza yangu, ndiyo maana niliyasikia yote nikiwa nimesimama. Ni mtu mpole sana. Amezoea kuondoka mbele ya wakubwa kinyumenyume, hadi sasa hata jikoni kwake anatoka kinyumenyume, na mkewe ameshaunguzwa na maharage mara kadhaa kwa kugongwa.

Alimwamkia mama kwa heshima, akamtafutia kiti. Mama Nyamizi akaeleza kilichomleta. Anataka jina la binti yake liwe kwenye ukuta huo.

Bwana Kinunda alimfafanulia taratibu. Kwanza, shujaa anatakiwa awe hai, kwa sababu lazima apeane mkono na mgeni rasmi, na picha ya mkono ndiyo inayothibitisha ushujaa. Pili, marehemu ana kosa ambalo halijaombewa radhi na mhusika mwenyewe. Akipatikana akaomba radhi, wizara haina kinyongo.

Sikitu akauliza nani mwingine anawekwa ukutani. Bwana Kinunda alifurahi kuulizwa. Wa kwanza, alisema, ni Mheshimiwa Daktari Theobadi Lwambano, ambaye sasa ndiye Waziri wa Heshima na Shukrani, na ndiye pia mgeni rasmi. Anaingia kama Mwanamichezo wa Karne, kwa kuwa hakuna binadamu katika nchi hii aliyehudhuria fainali nyingi kuliko yeye. Akatuonyesha picha. Mheshimiwa amevaa suti ya michezo iliyopigwa pasi ikatoa mikunjo, ameinama mkao wa kuanza mbio, juu ya zulia, na nyuma yake unaonekana mguu wa kochi.

Mama Nyamizi aliitazama ile picha, akaifunika kwa kiganja.

"Medali mkae nayo," alisema. "Mimi nataka jina lake liwe mahali watu wanapita, walisome. Nikishakufa mimi, nani atalitaja?"

"Mama yangu, marehemu wana mahali pao pa kuandikwa."

"Wapi?"

"Makaburini," alisema Bwana Kinunda, kwa upole uleule.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini kwa sababu nilijiona nimeshaanza kukilenga. Sikitu hakupandisha sauti. Alisema atakuja kwenye hiyo sherehe, ila anataka apewe kipaza sauti. Bwana Kinunda akakubali bila shida, kwani hotuba ya Sikitu alikuwa ameshaiandika mwenyewe. Ilikuwa na neno moja, nalo lilikuwa "Asante".

Walipotoka nje nilimuuliza Sikitu kama kweli atasema asante. Akaniambia atasema jina, hata wakizima umeme atalisema.

*

Siku ya sherehe ilikuwa nzuri kwa namna ambayo siku zetu huwa nzuri. Wasichana walipangwa mistari alfajiri. Maji ya tangi yalimwagwa barabarani, na kwa kuwa safari hii mgeni alikuwa waziri, ilimwagiwa maji hata barabara ya pili ambayo hakupangiwa kupita, endapo angebadili mawazo. Meza kuu ikapangwa chupa, zikafunikwa kitambaa, askari akasimama. Mashujaa waliketi kwenye benchi juani, Sikitu wa mwisho. Mama Nyamizi hakuwa na kadi, lakini nilimpitisha kwa kusema ni shangazi wa mkuu wa shule, na mkuu wa shule hakukanusha. Nadhani alimtambua.

Tulisubiri. Mshereheshaji alituambia mheshimiwa yuko njiani, tukapiga makofi. Baadaye akatuambia bado yuko njiani, tukapiga tena, kwa nguvu kidogo zaidi kuonyesha kwamba hatujachoka. Wasichana wa kidato cha kwanza walianza kuegemeana. Mwalimu wa zamu aliwanyoosha.

Msafara uliingia jua likiwa limeshapita utosini, ukajaza lango. Gari la wagonjwa lilikuwemo, limejaa viti.

Kisha ukaja utambulisho. Mshereheshaji aliwatambua waliokuwepo, akawatambua wasiokuwepo lakini walitamani kuwepo, akawatambua wawakilishi wa waliotuma wawakilishi. Mheshimiwa akafunua pazia la picha yake mwenyewe. Ilipofika kuvishwa medali kulitokea mkwamo mdogo, maana kanuni inataka mkubwa amvishe mdogo, na pale hapakuwa na mkubwa zaidi yake. Bwana Kinunda alifikiri kwa haraka, na mheshimiwa akajivisha mwenyewe, akajipa mkono, wapiga picha wakapiga. Halafu akachukua karatasi zake, akakohoa, akaanza kusoma hotuba yenye kichwa "Michezo ni Afya".

Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Ni zilezile.

Alikuwa kwenye faida za mazoezi kwa moyo na mapafu pale msichana wa kidato cha pili aitwaye Asteria alipotoka kwenye mstari, akaenda hatua mbili tatu bila kujua anakokwenda, akaanguka. Nilikimbia. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na ngozi ilikuwa ya moto, wala hakuwa na jasho hata tone. Nikamwambia askari wa langoni afungue njia. Akasema msafara hausogei. Nikamwambia Bwana Kinunda, naye akamnong'oneza mheshimiwa, mheshimiwa akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Bwana Kinunda alirudi kwangu akitembea kinyumenyume.

"Anamalizia," aliniambia.

Sikitu alikuwa ameshasimama. Hakwenda kwenye kipaza sauti, alikwenda meza kuu. Alikivuta kile kitambaa cha kufuma kikaanguka chini, akaanza kupakata chupa kifuani.

"Dada, hayo ni maji ya meza kuu," alisema Bwana Kinunda.

"Nayajua," alisema Sikitu. "Tumeonana nayo zamani."

Askari alinyoosha mkono, lakini mkono wenyewe haukufika mbali. Sikitu alimnywesha Asteria kidogokidogo, akamwagia kichwani na shingoni, chupa nyingine akawarushia wasichana mstarini, na mstari ukavunjika palepale kwa sababu watoto wenye kiu hawana itifaki. Mheshimiwa alikuwa bado anasoma. Sikitu akarudi meza kuu kuchukua chupa zaidi, akamgeukia, na kwa kuwa alikuwa amesimama karibu na kipaza sauti, sauti yake ya kawaida ilisikika uwanja mzima.

"Nyamizi Kasubi alifia hapa, kwenye hotuba hiihii. Leo hafi mtu. Tunaondoka."

Tukambeba Asteria. Lango lilikuwa limezibwa na msafara, kwa hiyo tulikwenda kwenye ua wa michongoma nyuma ya jiko, pale wasichana walipokuwa na upenyo wao wa kutorokea ambao mimi kama mwalimu nilikuwa sitakiwi kuufahamu. Wasichana wakafuata, wakafuata wazazi, wakafuata mashujaa na vyeti vyao ambavyo havijasainiwa, kisha mkuu wa shule, ambaye aliinama kwenye ule upenyo akachana suti.

Mama Nyamizi alikuwa wa mwisho kwa sababu alipitia jukwaani. Alisimama mbele ya mheshimiwa hadi mheshimiwa akainua macho kwenye karatasi.

"Baba, mimi naondoka," alimwambia. "Ruhusa sijaomba."

Mheshimiwa alimaliza hotuba. Lazima niseme ukweli, aliimaliza yote, mbele ya viti, na makofi yakapigwa na spika kutoka kwenye kaseti ambayo wizara hutembea nayo kwa dharura. Kufikia hapo Asteria alikuwa ameshawekewa dripu katika zahanati ya masista. Kesho yake asubuhi aliomba mandazi.

*

Adhabu ilitoka upesi, maana katika hilo huwa hatusubiri mgeni. Mashujaa wote walifutwa kwa kosa la kuondoka bila ruhusa. Ukumbi umebaki na picha moja ya mtu aliyeinama kwenye zulia, na umefungwa kwa kufuli mpaka apatikane mgeni wa kuufungua rasmi.

Lakini kuna kanuni nyingine, ambayo tulikuwa tumeisahau. Inasema majina ya waliovunja itifaki yabandikwe mahali pa wazi, kwa herufi zinazosomeka vizuri, yakianza na mwenye kosa la zamani zaidi, na mbele ya kila jina litajwe kosa. Bwana Kinunda hawezi kuiona kanuni akaiacha. Alimtafuta mchoraji mwenye mwandiko mzuri kuliko wote sokoni, akamwandikisha ubao mkubwa wa bati, akausimamisha langoni, pale wanapopita wote waendao sokoni, kanisani, msikitini na kisimani. Jina la kwanza, juu kabisa, kwa rangi nyeupe, ni Nyamizi Kasubi. Anafuata Sikitu Mbwilo, halafu mama mtu, halafu Asteria, ambaye kosa lake limeandikwa kwamba aliondoka huku amebebwa. Na mimi nimo.

Watu husimama wakasoma. Wengine husoma kwa sauti ili wenzao wasikie. Wasichana wa kidato cha kwanza, ambao hawana pa kukimbilia, sasa wanakimbia barabarani asubuhi, na wakifika langoni wanagusa ubao ndipo wanageuza.

Juzi Mama Nyamizi alikuja, amejifunga kanga mpya. Alisimama mbele ya ubao kwa muda. Akalipitishia kidole jina la binti yake herufi baada ya herufi, kisha kidole kikaendelea upande wa kosa, kikasimama. Aliniita.

"Mwalimu, hapa wameandika aliondoka bila ruhusa."

"Ndiyo, mama."

"Huo ni uongo. Mwanangu aliondoka kwa kiu. Andika hivyo."

Nilimtazama askari wa langoni. Naye akaangalia barabara. Nikaenda stoo nikachukua mkebe wa rangi na brashi tunayochorea mistari ya uwanja, ambayo haina kazi tena, nikafuta lile kosa nikaandika: Kiu. Sikitu alipopita kutoka sokoni aliniomba brashi, akaandika kwenye mstari wake. Asteria akaandika kwenye wake. Kufikia jioni ubao wote, kutoka juu hadi chini, ulikuwa na kosa moja.

Wizara imeleta tume kuchunguza nani ameharibu mali ya serikali. Nimekwisha kuwaambia wajumbe kwamba ni mimi, wameniambia nisiharakishe, kwani uchunguzi hauwezi kuanza kabla mgeni rasmi wa kuuzindua hajafika, na yuko njiani. Kwa hiyo wamekaa uwanjani tangu asubuhi, juani, kwenye viti vya ziada. Mezani pao kuna chupa zimefunikwa kitambaa, na wao wenyewe wanajua haziguswi.

Saa hii mwenyekiti wao amemtuma mtu kwangu kuomba maji ya kunywa. Nimemwambia ukweli, kwamba tangi ni kavu, maji yote yamemwagwa barabarani kwa amri yao. Amesimama hapo mlangoni akilamba midomo, akafikiri, halafu akasema wanashukuru.